Siku ya tamasha la kiangazi katika karakana ya manowari ya Chatham: uzi kwa familia za Waswahili walioko Uingereza

Mwanzisha uzi, Kent

Ndugu wanajukwaa, salaam. Shule za Uingereza zikishafungwa kwa likizo ya kiangazi, swali linalorudi katika makundi yetu ni lile lile: tuwapeleke wapi watoto kwa siku moja bila kumaliza mshahara, mahali ambapo mtoto wa miaka sita atapata pa kukimbia, na babu yake aliyekuja kutembea kutoka Mombasa naye atapata cha kutazama? Jibu langu ni Chatham, mji ulio kando ya mto Medway katika jimbo la Kent, mwendo wa treni usiofika saa moja kutoka London. Pale ukingoni mwa mto ipo karakana ya kale ya jeshi la wanamaji, ambayo kwa zaidi ya miaka mia nne iliunda na kukarabati manowari za Kiingereza, na ambayo sasa ni makumbusho yaliyoenea kwenye ekari 80. Siku za tamasha la familia uwanja wake hujaa muziki, michezo ya watoto, vibanda vya chakula na mafundi wanaoonyesha kazi zao. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona wengi wetu huishia kwenye vibanda na kwenye mizinga, tukarudi nyumbani bila kukiona kile ambacho mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki zaidi ya kukiona.

Historia nitaipitia haraka, kwa kuwa maelezo yamejaa kwenye mabango. Mfalme Henry VIII alikodi ghala kwenye mto huu mwaka 1547 kwa ajili ya vifaa vya meli zake. Mwaka 1567, chini ya Malkia Elizabeth I, mahali hapa palitambuliwa kuwa karakana ya kifalme. Na mwanzoni mwa karne ya 17 kazi ikahamia kwenye eneo ilipo sasa. Zaidi ya meli 400 ziliundwa hapa. Mashuhuri kuliko zote ni HMS Victory, iliyowekwa mkuku mwaka 1759 na kushushwa majini mwaka 1765, na ambayo miaka 40 baadaye ilimbeba Admirali Nelson kwenye vita vya Trafalgar. Msiende Chatham kuitafuta, kwa sababu yenyewe imehifadhiwa Portsmouth. Kilichobaki Chatham ni gudi, lile shimo kavu la kuundia meli, ilimoundwa, na ndani ya gudi hiyo hiyo leo imekalishwa HMS Cavalier, manowari ya vita vya pili vya dunia iliyoshushwa majini mwaka 1944. Karakana ilifungwa tarehe 31 Machi 1984, maelfu ya mafundi wakapoteza kazi na mji mzima ukayumba. Ukikutana na mzee wa Chatham kwenye tamasha, usishangae akikuambia kwamba yeye mwenyewe, au baba yake, aliingia kwa geti lile lile kila asubuhi akiwa na chakula chake cha mchana mkononi.

Ushauri wangu ni kwamba ukishaingia getini usianze na meli. Watoto watakuvuta kuelekea nyambizi, kwa kuwa wataiona mapema na foleni yake wataiona pia, lakini wewe wapeleke kwanza kwenye karakana ya kamba. Ni jengo la matofali la mwishoni mwa karne ya 18, lenye urefu wa mita 346, na ukisimama mlangoni na kutazama ndani utaona sakafu ikienda mpaka macho yanachoka kuifuata. Urefu huo haukuwa mbwembwe za mfalme. Kamba ya meli kubwa ilitakiwa iwe kipande kimoja bila kiungo, na kwa kuwa nyuzi zikisokotwa hupungua urefu kwa karibu theluthi moja, ilibidi chumba kiwe kirefu kuliko kamba yenyewe kwa kiasi kikubwa. Meli kama Victory ilihitaji zaidi ya kilomita 40 za kamba kwa ajili ya milingoti na matanga yake, na zote hizo zilipaswa kubadilishwa kila zilipochakaa.

Kazi yenyewe bado inafanyika. Kamba zimetengenezwa Chatham tangu mwaka 1618, na mpaka leo zinatengenezwa na kuuzwa kutoka kwenye jengo hilo, kwa kutumia mashine ambazo baadhi yake ni za mwaka 1811. Nyuzi husokotwa upande mmoja, mafungu ya nyuzi husokotwa upande wa pili, kisha mafungu matatu huunganishwa kwa kuzungushwa tena kuelekea upande wa kwanza. Kila msokoto unataka kufunguka, na katika kutaka kufunguka unaukaza mwenzake. Mwongozaji huwaita watoto mbele, akampa mmoja kishikio cha kuzungusha na mwingine kile kipande cha mbao chenye mifereji kinachotenganisha mafungu, wakatengeneza kamba fupi kwa mikono yao. Mtoto aliyeshika mbao ile na kuhisi inavyosukumwa na kamba inayojifunga nyuma yake amefahamu jambo ambalo hakuna bango litakalomfahamisha. Ulizeni pia kuhusu uzi wa rangi uliofichwa katikati ya kamba za jeshi. Kila karakana ya kifalme ilikuwa na rangi yake, ili kamba iliyoibwa na kuuzwa mjini itambulikane hata ikikatwa vipande vipande. Serikali iliyowaza kuweka alama ndani kabisa ya kamba ni serikali iliyoibiwa sana.

Baada ya hapo waachieni watoto. Kipo chelezo kikubwa, yaani mahali pa kuundia meli na kuishusha majini, kilichoezekwa mwaka 1838, ambacho paa lake la mbao, ukilitazama kutokea ghorofa ya juu, linafanana na jahazi lililopinduliwa, mataruma yakiwa juu ya kichwa chako. Wenye asili ya Lamu au Nungwi nawasihi wakae hapo kidogo. Mafundi walioezeka paa lile walikuwa waunda meli, na inaonekana.

Mchangiaji, Reading

Kaka, ahsante kwa maelezo. Nina watoto watatu, wa mwisho bado anabebwa mgongoni, na safari hii tutakuwa na mama mkwe ambaye magoti yake hayampi raha. Naomba unieleze mambo mawili. Je, nyambizi hiyo inafaa kwa watu kama sisi, au nitasimama kwenye foleni muda mrefu ili nikaambiwe nirudi? Na je, siku ya tamasha ni afadhali kuliko siku ya kawaida, kwa mtu ambaye anataka kweli kuona vitu na si kununua puto na aiskrimu?

Mwanzisha uzi, Kent

Dada yangu, nianze na swali la pili kwa sababu ndilo gumu. Siku ya kawaida ni tulivu na utasikia kila neno la mwongozaji. Siku ya tamasha kelele ni nyingi, lakini mafundi wa kila aina huwa nje wakifanya kazi mbele ya watu, na watoto wadogo huchoka polepole kwa sababu kila wakigeuka kuna jambo jipya. Kama una watoto wa chini ya miaka kumi, nenda siku ya tamasha, ufike milango inapofunguliwa, umalize karakana ya kamba na nyambizi kabla ya adhuhuri, kisha mchana uwaachie muziki na michezo. Kwa desturi ya miaka mingi tiketi ya pale imekuwa ikiruhusu kurudi ndani ya mwaka mmoja. Hakikisha kwanza kama utaratibu huo bado upo kwa siku unayokwenda, na kama upo, basi mambo ya kusoma kwa utulivu yaachie safari ya pili.

Nyambizi ni HMS Ocelot, iliyoshushwa majini mwaka 1962, na ndiyo manowari ya mwisho kuundwa Chatham kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Uingereza. Ina urefu wa mita 90 hivi, na ndani yake waliishi watu wapatao 70 kwa wiki nyingi bila kuona jua. Unashuka kwa ngazi iliyosimama wima, kisha unapita kutoka chumba hadi chumba kwa kuinua mguu na kuinamisha kichwa kwenye matundu ya duara. Mama mkwe usimwingize, na mwenye mtoto mgongoni asijaribu. Wakubwa wawili wa kwanza waende na baba yao. Wewe na mama mkwe mnaweza kukaa ndani ya chelezo nilichokitaja, ambacho kina kivuli na nafasi, au mkaingia kwenye mkusanyiko wa boti za kuokolea watu baharini, ambako hakuna haja ya kupanda kitu. Njia nyingine za pale ni za mawe ya kale na reli za zamani, kwa hiyo kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo kitakutesa. Beba chakula chako, na sweta kwa kila mtu hata jua likiwaka, kwa maana upepo wa mto ule hauna adabu.

Mchangiaji, Leicester

Mkuu, nimesoma kwa makini, na nakiri kwamba umeandika vizuri. Hata hivyo naomba niulize swali ambalo naona linakwepwa. Karakana ile iliunda vyombo vya dola iliyotutawala. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kwa mizinga jumba la Sultani wa Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao mia tano wakauawa au kujeruhiwa. Kwa nini mimi mwenye asili ya Unguja nilipe pesa ili mwanangu avalishwe kofia ya baharia wa Kiingereza, apigwe picha juu ya mzinga, halafu anunuliwe aiskrimu? Siku ya tamasha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu furaha hufunika kila kitu. Mtoto hataondoka na historia. Ataondoka na puto lenye picha ya nanga.

Mchangiaji, Unguja

Vijana wangu, nimekuwa nikisoma uzi huu kimya kimya, na swali la huyu wa Leicester limenifanya niandike. Manowari zilizotupiga mwaka 1896 zilitoka karakana mbalimbali, na sitaki kuisingizia Chatham zisizo zake. Ipo moja, hata hivyo, ambayo ni ya Chatham hasa, na iliyokaa mbele ya Mji Mkongwe kwa miaka karibu kumi. Jina lake ni HMS London.

Meli hiyo ilishushwa majini Chatham mwaka 1840, ikiwa ya mbao, yenye sitaha mbili za mizinga, mizinga 90 hivi kwa jumla. Mwaka 1854 ilishiriki kuipiga Sevastopol katika vita vya Krimea, na baadaye ikawekewa injini ya mvuke. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Balozi John Kirk wa Uingereza na kwa tishio la kufungiwa bandari, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Mkataba bila wa kuusimamia ni karatasi. Basi mwaka 1874 London, iliyokuwa imekwisha kuzeeka kwa vita, ililetwa Zanzibar na kutiwa nanga bandarini kama ghala, hospitali, karakana na kambi kwa pamoja. Yenyewe haikwenda popote. Kazi ilifanywa na mashua zake, ambazo zilitumwa siku nyingi mfululizo kwenye mkondo wa Pemba na kandokando ya mwambao, zikivizia majahazi usiku.

Watoto waelezwe kwamba mashuani hawakuwamo Wazungu peke yao. Walikuwemo wakalimani wa pwani, na mabaharia Waafrika walioandikwa kazi huku huku, ambao Waingereza waliwaita Sidi. Wapo waliokuwa watumwa kabla ya hapo. Waelezwe pia kwamba tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wa London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililokuwa likipeperusha bendera ya Ufaransa. Bendera ile ilikuwa kinga, kwa sababu Ufaransa haikuwaruhusu Waingereza kupekua vyombo vyake, na wenye biashara ya watumwa walilijua hilo vizuri. Mwaka 1883 London iliondolewa kazini, na mwaka uliofuata ikauzwa ivunjwe.

Sasa nakujibu, mwanangu wa Leicester. Mashua zile ziliwaokoa watu wengi, na wengi wa waliookolewa walipelekwa Mbweni hapa Unguja na Freretown kule Mombasa, ambako wajukuu na vitukuu vyao wapo. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba dola ile ile iliuacha utumwa wenyewe uendelee kuwa halali Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mpaka mwaka 1907, kwa sababu mashamba ya karafuu na kodi yake vilikuwa na wenyewe. Mimi mtoto wangu ningempeleka Chatham, nikamsimamisha kwenye gudi, nikamwambia mambo hayo yote mawili kwa sauti ya kawaida, bila kumficha hata moja.

Mwanzisha uzi, Kent

Shikamoo mzee wangu. Umeniongezea jambo ambalo lilistahili kuwa mwanzoni kabisa mwa uzi.

Nami nimjibu ndugu yetu wa Leicester, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa. Kofia na puto zipo, na sina namna ya kuzitetea. Ila ndani ya karakana ile kuna kitu ambacho Mwafrika hakipiti hivi hivi. Mwaka 1995 mafundi waliokuwa wakikarabati karakana ya magurudumu waliinua sakafu, wakakuta chini yake kuna sakafu nyingine, na chini ya hiyo mbao nyingi za meli ya kivita zimepangwa kwa utaratibu, tangu siku ilipovunjwa. Uchunguzi wa miaka mingi ulionyesha kwamba ni mbao za HMS Namur, iliyoundwa hapo hapo Chatham na kushushwa majini mwaka 1756. Mbao hizo zinaonekana leo chini ya miguu ya wageni, zikiwa na alama za mafundi na makovu ya kazi.

Katika meli hiyo alikuwamo kijana Olaudah Equiano, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alichukuliwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto. Bwana wake alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji. Mwezi Agosti mwaka 1759 Namur ilipigana na Wafaransa katika vita vya Lagos, Lagos ya pwani ya Ureno na siyo ya Nigeria, na Equiano alikuwa akikimbia sitahani kupeleka baruti kwenye mzinga, huku wenzake wakianguka pande zote. Alitarajia kwamba utumishi wake ungempa uhuru. Badala yake bwana wake alimuuza. Alijinunua mwenyewe mwaka 1766, na mwaka 1789 akachapisha habari za maisha yake, kitabu kilichosomwa sana Uingereza na kuwapa nguvu waliokuwa wakidai biashara ya watumwa ipigwe marufuku, jambo ambalo bunge lililifanya mwaka 1807.

Mwanao akisimama juu ya mbao zile, anasimama juu ya sitaha ambayo huenda Mwafrika mwenye umri usiozidi sana wa kaka yake alikimbilia akiwa na baruti mikononi, akiwapigania watu waliomhesabu kuwa mali. Siamini kwamba puto litafunika hilo, mradi mzazi afungue kinywa. Na kama unataka kumwonyesha kwamba wababe nao walipata kuaibika, mweleze habari za Juni 1667, Waholanzi walipoupanda mto Medway, wakachoma meli za Kiingereza zikiwa nangani na kuikokota HMS Royal Charles mpaka kwao. Nakshi za tezi ya meli hiyo zimo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam hadi leo. Waingereza wa Chatham wenyewe huisimulia habari hiyo kwa uchangamfu wa ajabu, kana kwamba iliwapata majirani.

Mchangiaji, Tanga

Habari zenu wakuu. Mimi Uingereza sijafika, lakini nilipoona neno kamba sikuweza kupita. Baba yangu alikata mkonge, na nimekulia ndani ya harufu ya korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwa hiyo naomba nichangie upande huo.

Karakana za kifalme zilitumia katani ya Ulaya, ile iitwayo hemp kwa Kiingereza na siyo mkonge, iliyotoka sana Urusi, na lami ndiyo iliyoilinda isioze. Baadaye zikapendwa zaidi nyuzi za manila ya Ufilipino, kwa sababu zinavumilia maji ya chumvi. Mkonge wetu ulifika mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na ikasalimika 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 likazuka eneo zima la mashamba, reli za kwenye mashamba, na manamba, yaani vibarua wa mkataba, walioletwa kutoka mbali, hadi Urundi. Mwaka 1942 Japani ilipoiteka Ufilipino, manila ikakatika ghafla kwa Waingereza na Wamarekani, na singa, yaani nyuzi za mkonge, za Tanganyika na Kenya zikawa bidhaa ya vita. Wapo watu waliochukuliwa kwa lazima kukata mkonge miaka ile, ili meli za mbali zipate kamba. Kilele cha uzalishaji Tanzania kilikuwa mwaka 1964, tani zipatazo 230,000, kisha nailoni na wenzake wakatuangusha.

Kwa hiyo mwanzisha uzi, ninakuomba ukienda tena uulize nyuzi zao za sasa wanazitoa wapi. Na watoto waambieni kwamba mkono wa Tanga umo katika habari hiyo, hata kama haumo kwenye bango.

Mwanzisha uzi, Kent

Mkuu wa Tanga, ombi lako nimelipokea. Ninachoweza kukueleza sasa ni kwamba kati ya kamba za asili zinazotengenezwa pale zimo za manila, za mkonge na za usumba wa nazi, na ukiinusa ile ya mkonge huhitaji kuuliza jina lake. Huo usumba nao unanikumbusha akina mama wa Jambiani na Paje, ambao hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, kisha huyafukua, huyaponda na kuyasokota kwa viganja juu ya paja. Kanuni ya msokoto ni ile ile inayotumika ndani ya jengo la mita 346. Mtoto aliyewahi kumwona bibi yake akisokota usumba atamfahamu mwongozaji wa Chatham kabla hajamaliza sentensi, na kama hajawahi, video fupi kutoka nyumbani kabla ya safari itatosha.

Jambo moja nimelisahau kuhusu wanawake, nalo linawahusu mabinti zetu. Katika karne ya 19, mashine za mvuke zilipoingia kwenye usokotaji, wanawake waliajiriwa karakanani, na wakatengewa mlango na ngazi zao ili wasichanganyike na wanaume. Wengine walishona matanga na bendera, na nafasi hizo zilipewa kwanza wajane wa mabaharia na wa mafundi waliofia kazini. Mwongozaji wa karakana ya kamba hulitaja jambo hili, akilipita, mwulizeni.

Mchangiaji, Leicester

Nimesoma yote. Mzee wa Unguja nakushukuru, sikuwa nafahamu kwamba meli ile ya bandarini ilitoka Chatham. Bado nasimama kwenye hoja yangu kuhusu tamasha: siku yenye muziki na vibanda si siku ya kumweleza mtoto habari za Brownrigg na Equiano, kwa sababu maneno yatapotea kwenye kelele. Nitakwenda, lakini nitachagua siku ya kawaida, na binti yangu wa miaka kumi na mbili nitampa asome kwanza kidogo kuhusu Equiano. Mdogo wake atasubiri.

Mwanzisha uzi, Kent

Kwa binti wa umri huo hilo naliona sawa kabisa, na wala sitakubishia. Kwa wadogo mimi nabaki na tamasha, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hupapenda mahali kwanza na habari zake huja baadaye.

Dada wa Reading, nimalizie swali lako la usafiri ambalo umeniuliza kwa ujumbe wa faragha, ili wengine nao wafaidike. Treni za mwendo wa kasi hutoka kituo cha St Pancras, nyingine hutoka Victoria na huchukua muda zaidi kidogo. Kutoka kituo cha Chatham hadi getini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kwa magoti ya mama mkwe chukueni basi au teksi. Tiketi zinunuliwe mapema kwenye tovuti yao, na mara mkiingia ulizeni saa za maonyesho ya karakana ya kamba, kwa sababu kikundi kimoja kikishaingia mnasubiri kingine, na cha mwisho siku za tamasha hujaa mapema.